Msuli unanenepa, kano inalalamika: majeraha ya polepole ya kunyanyua vyuma

Majeraha ya vyuma yako ya aina mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: chuma kimeponyoka, kiuno kimekamata ghafla, msuli wa kifua umechanika kwa sauti ambayo hata aliye benchi la pili ameisikia. Hayo yana saa na dakika yake. Aina ya pili haina tarehe. Hakuna siku unayoweza kuinyooshea kidole ukasema ilianzia hapa. Bega lilinung'unika kwenye seti ya kwanza, likanyamaza mwili ulipopata joto, kesho yake likanung'unika tena. Miezi miwili baadaye kuvaa shati ni kazi. Makala hii inahusu aina hiyo ya pili, inayotokana na kutumia kiungo kupita kiasi chake. Nayo hutibiwa vibaya kwa namna mbili zinazopingana: wengine huacha mazoezi kabisa, wengine huvumilia mpaka mkono ukatae kunyanyuka.

Kwanza tuiweke hofu mahali pake. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Keogh na Winwood mwaka 2017 yalionyesha kuwa wanaojenga umbo hupata majeraha kati ya 0.24 na 1 kwa kila saa 1000 za mazoezi. Kwa wanaonyanyua kwa mtindo wa Olimpiki idadi ni 2.4 hadi 3.3, na kwa wanaoshindania uzito mkubwa kabisa katika skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) ni 1 hadi 4.4. Wakimbiaji wa kawaida wa kujifurahisha wanakaribia 8. Zaidi ya hapo, uchambuzi wa Lauersen na wenzake wa mwaka 2014 ulikuta kwamba mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha ya wanamichezo hadi chini ya theluthi moja, na kwamba programu za mazoezi kwa ujumla zilikaribia kupunguza kwa nusu majeraha ya kutumia mwili kupita kiasi. Kwa hiyo vyuma ni kinga. Hugeuka kuwa chanzo cha jeraha pale kipimo kinapokosewa, na kipimo chenyewe hakikai kwenye chuma peke yake.

Mwili mmoja, saa tofauti

Mtu akianza kunyanyua, katika wiki za mwanzo nguvu zake huongezeka haraka kuliko umbo lake. Sababu ni kwamba mfumo wa fahamu ndio unaojifunza kwanza: ubongo unazoea kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja na kuzipanga vizuri. Msuli unafuata. Una damu nyingi, unalishwa vizuri, na wiki chache zinatosha kuonyesha mabadiliko.

Kano, zile kamba nyeupe ngumu zinazouunganisha msuli na mfupa, zina saa nyingine kabisa. Damu inayozifikia ni kidogo. Zimejengwa zaidi kwa kolajeni, protini inayosukwa polepole. Ukiipa kano kazi nzito, ndani yake yanaanza mambo mawili kwa pamoja: kolajeni ya zamani inavunjwa, na mpya inatengenezwa. Katika siku ya kwanza hadi siku na nusu, kuvunjika kunazidi kujengeka. Baadaye mizani inageuka, na ujenzi unaweza kuendelea hadi karibu siku 3 baada ya zoezi. Ukirudi kuipiga kano ileile kila siku, unaikuta bado iko kwenye hasara, na hasara hiyo inajilimbikiza bila kutoa sauti.

Kuna utafiti mmoja wa Denmark unaoeleza uzito wa jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza sana kaboni-14 (aina ya kaboni yenye mionzi hafifu) hewani, na kila aliyekuwa hai wakati ule aliila na kuihifadhi mwilini. Mwaka 2013 Katja Heinemeier na wenzake walipima kaboni hiyo katika kano za kisigino, kwa kuwa kiasi chake huonyesha sehemu ya mwili ilijengwa lini. Walikuta kwamba kiini cha kano hujengwa mpaka kiasi cha miaka 17 ya umri, kisha hakibadilishwi kwa kiwango cha kupimika. Katika misuli ya watu haohao, upyaji ulikuwa ukiendelea. Yaani mtu wa miaka 50 ananyanyua kwa misuli ya juzi na kiini cha kano alichokijenga akiwa kijana wa shule. Kano ya mtu mzima inaweza kuwa imara zaidi, na hata kunenepa kidogo pembeni, lakini haiwezi kujifuma upya kutoka katikati. Kwangu mimi hicho ndicho chanzo cha heshima yote inayostahili kupewa kano.

Mifupa nayo ina ratiba yake. Mfupa ukielemewa, seli maalumu hulila kwanza lile eneo lililochoka, kwa wiki kadhaa, ndipo nyingine zije kulijaza kwa miezi. Katikati ya kazi hizo mbili mfupa una udhaifu wa muda. Wanyanyuaji hupata nyufa ndogo kwenye uti wa chini wa mgongo, na wale wanaopenda sana benchi hupata tatizo la ncha ya nje ya mtulinga, pale unapokutana na bega: mfupa unaliwa kidogokidogo pembeni. Maumivu yake yanakaa juu kabisa ya bega, na mtu anaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja.

Kwa hiyo unapoona kwamba chuma cha mwezi uliopita sasa ni chepesi, kilichokua haraka ni mfumo wa fahamu na msuli. Kano ni kama mzee kwenye msafara wa vijana: anafika, lakini si kwa mwendo wao.

Hesabu isiyoandikwa kwenye daftari

Wengi wanaoandika mazoezi yao huandika uzito na marudio. Kiungo hakijui hizo safu. Kinachojua ni jumla ya mvuto uliokipitia, kwa kasi gani, na muda gani umepita tangu mara ya mwisho.

Chukua ratiba inayopendwa sana: Jumatatu kifua, Jumanne mabega, Jumatano mikono. Kwenye karatasi kila sehemu inapumzika wiki nzima. Lakini benchi linatumia mbele ya bega na triseps (msuli wa nyuma ya mkono wa juu). Kesho yake kusukuma chuma juu ya kichwa kunatumia mbele ya bega na triseps. Keshokutwa triseps zinapata siku yao rasmi. Mbele ya bega imefanya kazi siku mbili mfululizo, na kano ya kiwiko siku tatu, halafu mwenye ratiba anashangaa kwa nini kiwiko kinamuuma ilhali "mikono ni mara moja tu kwa wiki".

Mfano wa pili huwapotosha hata wazoefu. Kiwiko kinauma upande wa ndani, mtu anakata mazoezi yote ya biseps (msuli wa mbele ya mkono wa juu), na maumivu hayaondoki. Mara nyingi mkosaji yuko siku ya miguu. Anayefanya skwati akiwa ameuweka mti wa chuma chini mgongoni na mikono ameibana karibu na mabega, viwiko na viganja vyake vinakaa kwenye mkazo usio wa kawaida muda wote wa seti. Akiipanua mikono kidogo, au akiupandisha mti juu zaidi kwa wiki kadhaa, kiwiko kinapoa bila dawa. Kujivuta juu kwenye chuma kwa wingi ni mshukiwa wa karibu, hasa kwa aliyeruka kutoka marudio 20 kwa wiki hadi 100 kwa sababu tu ameona anaweza.

Kuruka huko ndiko kiini cha tatizo. Mwili huzoea karibu chochote kinachokuja kwa utaratibu, na hukasirishwa na kile kinachokuja ghafla, hata kama chenyewe si kikubwa. Kurudi kutoka mapumziko ya mwezi na kuanza pale ulipoachia ni kuruka. Kubadili zoezi na kulifanya jipya kwa wingi wa lile la zamani ni kuruka. Kupunguza uzito lakini kuanza kunyanyua kwa kasi ya mshtuko ni kuruka pia, kwa kuwa kano huhisi kasi kuliko kilo.

Halafu kuna mambo ya nje ya ukumbi wa mazoezi yanayodhoofisha upande wa ujenzi. Usingizi mfupi ni la kwanza. Kula kidogo kuliko unachotumia kwa miezi mingi ni la pili, na mifupa ndiyo inayolipa. Kisukari, lehemu nyingi kwenye damu na kukoma hedhi vinahusishwa na matatizo ya kano. Dawa za antibayotiki za kundi la ciprofloxacin zinaweza kudhuru kano hadi zikakatika, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliziwekea onyo lake kali kabisa. Ukiandikiwa dawa hizo, mwambie daktari kwamba unanyanyua vyuma, na ukianza kuhisi maumivu ya kano usiyachukulie kuwa ya mazoezi tu. Wanaotumia homoni za kukuza misuli wanaingia hatari ya aina yao: msuli unapata nguvu ambazo kano haikujiandaa kuzibeba.

Kusoma maumivu

Si kila maumivu ni jeraha. Uchungu wa misuli baada ya zoezi jipya husambaa kwenye msuli mzima, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha huisha wenyewe. Maumivu ya kano hukaa mahali pamoja. Huuma mwanzoni mwa zoezi, hutulia joto likipanda, kisha hurudi jioni au kesho yake asubuhi pamoja na kukakamaa kwa kiungo. Kile kipindi cha kutulia katikati ndicho kinachodanganya watu. Mtu anahitimisha kwamba "likipata moto linapona", anaongeza seti, na hukumu inatolewa akiwa amelala.

Kwa sababu hiyo, swali la maana ni kiungo kinasemaje kesho yake asubuhi. Maumivu uliyoyasikia wakati wa zoezi ni ushahidi wa nusu tu.

Ndani ya kano yenyewe, wataalamu wa Australia Jill Cook na Craig Purdam walipendekeza mwaka 2009 kuitazama hali kama mstari mmoja wenye hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kano iliyoshtuka: imeelemewa ghafla, imevimba kidogo, lakini muundo wake bado mzima. Hapa kupunguza mzigo kwa siku au wiki chache kunatosha kuirudisha. Hatua ya pili, ukarabati unafanyika ovyo na nyuzi za kolajeni zinaanza kupoteza mpangilio. Ya tatu ni uchakavu: kuna maeneo ambayo seli zimekufa au zimechoka, na mishipa midogo ya damu imechipua pasipostahili. Maeneo hayo hayarudi kuwa kama zamani. Hata hivyo mwenye kano ya aina hii anaweza kunyanyua bila maumivu, maana sehemu nzima inayoyazunguka inaweza kuimarishwa ikabeba mzigo.

Kutokana na hilo, picha za hospitali zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Mapitio ya Brinjikji na wenzake ya mwaka 2015 yaliwaangalia watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo: asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 walikuwa na diski zilizochakaa kwenye picha, na kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Watu wasiosikia kitu! Bega nalo, hasa baada ya miaka 40, hujaa michaniko midogo isiyouma. Karatasi ya MRI inayosema "uchakavu" inaweza kuwa inaeleza umri wako, na kumfanya mtu mwenye afya aogope kuinama maisha yake yote. Nimeona hofu ya karatasi ikidumu kuliko maumivu yenyewe.

Barafu, vidonge na sindano

Hapa nitapita haraka. Barafu inatuliza maumivu, na kutumia dakika chache si kosa. Lakini Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza mwaka 1978 ule ushauri maarufu wa kupumzika, kuweka barafu, kubana na kuinua kiungo, mwaka 2014 alisema hadharani kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Vidonge vya kupunguza maumivu kama ibuprofeni vinasaidia kulala. Kuvimeza kabla ya zoezi ili uweze kunyanyua ni kuizima taa ya onyo na kuendelea na safari.

Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe, si zile homoni za kukuza misuli) inastahili sentensi chache zaidi kwa kuwa inavutia mno. Inafanya kazi, tena haraka. Shida iko mbele. Mwaka 2009 Mads Kongsgaard na wenzake wa Denmark waliwagawa wagonjwa wa kano ya chini ya kifuniko cha goti katika makundi matatu: sindano, skwati za kushuka polepole kwenye ubao ulioinama, na mazoezi mazito ya polepole. Baada ya wiki 12 wote walikuwa na nafuu. Baada ya nusu mwaka kundi la sindano lilikuwa limerudi nyuma, na makundi mawili ya mazoezi yalikuwa yamebaki na nafuu yao. Kwa maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, tafiti zimeonyesha picha ileile: nafuu ya wiki chache, kisha hali mbaya kuliko ya wasiochomwa. Sindano ina nafasi yake katika magonjwa mengine, lakini kwa kano ya mnyanyuaji ningeiweka mwisho kabisa wa foleni.

Uzito ndio dawa

Mapumziko kamili yanaondoa maumivu kwa sababu rahisi: hakuna kinachovuta. Wakati huohuo kano, msuli na mfupa vinadhoofika kwa kukosa kazi. Baada ya wiki 6 mtu anarudi bila maumivu na bila uwezo wa zamani, lakini kumbukumbu ya kilo alizokuwa akinyanyua bado iko kichwani. Wiki ya pili tayari amerudi alipokuwa. Huo mzunguko wa kupumzika na kuumia unaweza kuchukua miaka, na anayezunguka humo huamini ana mwili mbovu.

Mabadiliko ya fikra yalianza na kisa cha ajabu. Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Umeå nchini Sweden, alikuwa na maumivu sugu ya kano ya kisigino. Inasimuliwa kwamba aliomba afanyiwe upasuaji, mkuu wake akakataa, naye akaamua kuitesa kano ile mpaka ikatike ili wasiwe na budi ila kumpasua. Haikukatika. Ilipona. Mwaka 1998 alichapisha utafiti wa wanamichezo 15 wa kawaida waliosimama kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino polepole, seti 3 za marudio 15 goti likiwa limenyooka na 3 likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Hayo ni marudio 180 kila siku, maumivu yakiruhusiwa. Wote 15 walirudi kukimbia.

Baadaye iligundulika kwamba si lazima kushusha peke yake, wala si lazima kila siku. Katika utafiti wa kano ya kisigino uliochapishwa na Rikke Beyer na wenzake mwaka 2015, mazoezi mazito ya polepole, mara 3 kwa wiki, yalileta matokeo sawa na ya Alfredson. Tofauti ilikuwa kwenye muda: dakika 107 kwa wiki dhidi ya 308. Kwa mtu ambaye tayari anapenda vyuma, huo ndio mlango wa kupitia.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Chagua zoezi moja au mawili yanayoivuta kano inayouma moja kwa moja. Kwa goti ni skwati, mashine ya kusukuma kwa miguu au ya kunyoosha goti. Kwa kiwiko ni kukunja na kukunjua kiganja ukiwa umeshika dambeli. Kwa nyuma ya paja pale inapoanzia kalioni ni madaraja ya nyonga (kulala chali na kuinua nyonga), kisha dedilifti ya miguu iliyonyooka kiasi. Nyanyua kwa sekunde 3, shusha kwa sekunde 3. Anza na uzito unaoweza kuurudia mara 15 na si zaidi, kisha kila baada ya wiki moja hadi tatu ongeza uzito na punguza marudio: 12, 10, 8, hadi 6. Seti 3 au 4. Siku moja kazi, siku moja au mbili mapumziko. Ule upole wa mwendo ndio unaokuruhusu kuweka uzito mkubwa bila mshtuko, na uzito mkubwa ndio unaoiamsha kano kujijenga. Kwa kutumia dambeli nyepesi milele hutaumia, lakini hutapona sawasawa pia.

Na maumivu je? Jipe alama kutoka 0 hadi 10. Karin Grävare Silbernagel na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba wagonjwa wa kano ya kisigino walioruhusiwa kuendelea kukimbia na kuruka walipona sawa na waliozuiwa wiki 6. Masharti yalikuwa kwamba maumivu yasizidi 5, yawe yametulia kesho yake asubuhi, na yasipande wiki hadi wiki. Mimi ningemwambia anayeanza abaki kwenye 3, si kwa sababu 5 ni hatari bali kwa sababu watu wa vyuma ni wakarimu mno wanapojipa alama. Saba yao huandikwa nne.

Ikiwa kano imewaka kiasi kwamba hata mwendo wa polepole haukubaliki, shikilia uzito bila kuusogeza: sekunde 45, mara 5, kwa nguvu kubwa kiasi, ukipumzika dakika 2 katikati. Baadhi ya watu hupata nafuu ya saa nzima kwa njia hii, wengine hawapati kitu, na matokeo ya tafiti nayo yamegawanyika hivyohivyo. Jaribu, ikikufaa itumie.

Huku hayo yakiendelea, mwili uliobaki haujafungwa. Msuli hukua karibu sawasawa kwa uzito wa asilimia 30 ya kiwango cha juu kama kwa asilimia 80, mradi seti ifike karibu na mwisho wa nguvu. Bega linalokataa benchi zito linaweza kukubali pushapu nyingi, dambeli zenye viganja vinavyotazamana, au kusukuma kwa nusu ya mwendo. Skwati ikikataliwa na goti kwa kina, kaa juu kidogo, au tumia boksi. Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja kwanza, iwe pembe, mshiko, kina, kasi au wingi, kabla ya kulifuta zoezi. Na ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kilichokusaidia.

Mgongo wa chini una hadithi yake. Maumivu yake mengi hayatoki kwenye kano, na ile fomula ya sekunde 3 haimhusu kila mtu. Lakini msingi haubadiliki sana: endelea kutembea na kusogea, punguza kilo na urefu wa mwendo, kisha rudi hatua kwa hatua. Vitanda vimewaharibu migongo wengi kuliko dedilifti.

Kuzuia, kwa maneno machache

Mbinu nzuri ina faida, ila nadhani tumeipa sifa zaidi ya inazostahili. Watu wawili wanaweza kufanya skwati kwa maumbo tofauti kabisa kwa miaka na wote wakabaki salama, kwa kuwa kila mmoja amejizoesha umbo lake. Kinachoumiza mara nyingi ni umbo kubadilika ukiwa umechoka, au kubadilishwa na kocha kwa siku moja bila kushusha kilo.

Ninachokiamini zaidi ni vitu visivyo na mvuto. Ongeza jambo moja kwa wakati. Kila baada ya wiki kadhaa ngumu, weka wiki moja nyepesi, seti zikiwa nusu. Badilisha mishiko na mazoezi ndani ya mwaka ili mstari mmoja wa kano usibebe kila kitu. Acha marudio mawili au matatu akiba katika seti nyingi badala ya kufika kikomo kila mara. Pasha mwili kwa zoezi lilelile unalokwenda kulifanya, kuanzia chuma kitupu kupanda. Kujinyoosha ukiwa umesimama tuli kabla ya kunyanyua hakujaonyesha kuzuia majeraha ya namna hii, ingawa hakuna ubaya kwa anayependa kujinyoosha. Mkanda wa kiuno na soksi za goti vinasaidia kunyanyua na kupasha joto, ila kinga yake dhidi ya jeraha la polepole ni ndogo.

Usiyoyatibu mwenyewe

Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa umesikia mlio wa kukatika na nguvu zimepotea ghafla, au umbo la msuli limebadilika, kwa mfano biseps iliyojikunja kama mpira. Biseps iliyong'oka kwenye kiwiko hushonwa vizuri zaidi ndani ya wiki chache za mwanzo. Mkojo wenye rangi ya chai nzito baada ya zoezi la kujichosha kupita kiasi unaashiria misuli inayoyeyuka na figo zilizo hatarini. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi ya maeneo ya haja, au kushindwa kuzuia mkojo, ni dharura isiyosubiri asubuhi. Ganzi ya vidole vya mwisho inayodumu, maumivu yanayokuamsha usiku bila kujali umelalaje, joto na wekundu kwenye kiungo, homa, au kupungua uzito bila sababu: hivyo vyote ni vya daktari. Maumivu ya mfupa yanayoonyeshwa kwa ncha ya kidole na kuzidi kila wiki nayo yapimwe, maana mazoezi mazito yanayoiponya kano yanaweza kuumaliza mfupa wenye ufa.

Kwa waliobaki, kipindi cha kweli cha kupona ni miezi 3 hadi 6 kwa kano iliyoumia muda mrefu, na wengine huzidi hapo. Wiki 12 za tafiti zilikuwa mwanzo mzuri, si mwisho wa kazi. Katika kurudi, rudisha kwanza idadi ya siku za mazoezi, halafu seti, halafu kilo. Kasi na kuruka virudi mwisho kabisa, vikianzia mara moja kwa wiki, na lile zoezi la polepole liendelee angalau mara moja au mbili kwa wiki hata baada ya maumivu kuisha.